Suruali Zilizonyooka

Fundi Pindo alikwenda hospitali siku ile na ombi moja tu moyoni: daktari aseme ni risasi. Si risasi ya bunduki, bali ile ya madini, nzito na ya kijivu, iliyokuwa ikiyeyushwa kiwandani ili kutengeneza herufi za kuchapishia magazeti. Baba yake aliyeyusha risasi miaka thelathini. Kaka yake, Mzee Wino, akafuata nyayo hizo hizo, akala miaka ishirini na saba humo humo mpaka mitambo ikauzwa kama chuma chakavu na kompyuta zikaingia. Fundi Pindo ndiye peke yake aliyegoma. Alikwenda kujifunza cherehani, mapindo ya suruali zake yakampa jina, na maisha yake yote hakugusa risasi hata kwa kidole. Kwa hiyo kama ugonjwa wa mifupa uliomwangusha kaka yake ulitoka kwenye risasi, basi uliishia kwa kaka. Yeye hana. Na kama yeye hana, binti yake hana. Hesabu ilikuwa fupi na tamu, naye alikuwa ameirudia kichwani tangu alipofumbua macho asubuhi.

Binti mwenyewe alikuwa amekaa kando yake, mkoba magotini. Wateja wao humwita Sindano, na hawakumwonea. Ana miaka thelathini na sita, anashona na baba yake tangu amalize shule, na akikwambia shati hilo litakubana, we jua litakubana. Siku ile alikuwa kimya kabisa. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kulikoni, lakini baba yake alikuwa anashughulika na risasi.

Mzee Wino alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia gotini. Hakuanguka kutoka juu ya paa. Aliteremka ngazi moja ya mlangoni kwake, moja tu, na mfupa wa ugoko ukapasuka. Mguu huo ulikuwa ukimsumbua miaka mingi. Ulikuwa umepinda, na ukiushika unasikia joto lake hata juu ya nguo. Kofia zake zote zilikuwa zimeanza kumkataa kichwani, akadhani zinasinyaa zikifuliwa, akamsema sana mkewe. Na masikio nayo yalikuwa yamemtupa mkono, hata ukizungumza naye lazima mtaa mzima ujue mnazungumza nini.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini mno kwa mgonjwa wa aina hiyo, alibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa. Akawaonyesha mfupa wa ugoko: mnene kupita kiasi, umejikunja kwenda mbele.

"Mfupa si kama jiwe," alisema. "Kila siku kuna mahali unabomolewa na mahali unajengwa upya. Kwa wengi wetu kazi hiyo inakwenda polepole. Kwa mzee wetu hapa, wabomoaji wana pupa, na wajenzi inabidi wakimbizane nao. Sasa nyie ni mafundi, kazi ya kukimbizana mnaijua."

"Inakuwa kubwa halafu mbovu," alisema Sindano.

"Ndiyo hivyo. Mfupa unanenepa, lakini hauna nguvu, uzito wa mwili unaupinda. Kichwani ni hivyo hivyo, ndiyo maana ya kofia, na ndiyo maana ya masikio. Unaitwa ugonjwa wa Paget. Ni wa kukaa nao, hauondoki, lakini dawa yake ipo. Dripu moja inaweza kuutuliza kwa miaka. Laiti angekuja mapema, mguu usingefika hapa."

"Anasemaje?" alipiga kelele Mzee Wino.

"Anasema umechelewa!" Sindano alimjibu sikioni.

"Basi limeniacha?"

Fundi Pindo aliona huo ndio wakati wake. Akakaa vizuri, akaeleza habari za kiwanda: moshi wa risasi, mikono isiyooshwa, baba na kaka kula chakula cha mchana juu ya meza zile zile za herufi. Alieleza kwa mpangilio mzuri kama wakili aliyelipwa. Akamalizia, "Mimi mwenyewe sikufanya kazi pale hata siku moja. Nina miaka sitini na moja, na nasimama mezani tangu asubuhi mpaka jioni."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Watu kama yeye alikuwa ameshawaona wengi. "Mzee, siwezi kukwambia kwamba kiwanda hakina lawama. Watu wamechunguza risasi, wamechunguza surua ya utotoni, kemikali, wanyama wa kufugwa. Hakuna aliyethibitisha. Ila kuna jambo moja. Katika nchi nyingi ugonjwa huu unapungua kizazi hadi kizazi, na wanaoupata sasa wanaupata kwa upole kuliko babu zao. Vinasaba havibadiliki upesi namna hiyo. Kwa hiyo kuna kitu nje ya damu, kwenye mazingira, ambacho kimebadilika. Kitu gani, sijui."

"Nje ya damu," alirudia Fundi Pindo, na moyo wake ukatulia tuli.

"Sijamaliza. Nje ya damu, na ndani ya damu pia. Kuna familia ambazo tumekuta hitilafu ndogo kwenye kinasaba kimoja. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kuirithi si lazima uugue, lakini ni vizuri kujua. Ndiyo maana nauliza: marehemu baba yenu, miguu yake ilikuwaje?"

"Baba alikuwa amenyooka," alisema Fundi Pindo.

Safari hii Mzee Wino alisikia. Masikio ya mgonjwa nayo yana siku zake. "Amenyooka wapi!" alifoka, mpaka nesi akachungulia mlangoni. "Baba gani aliyenyooka? Suruali ndiyo iliyonyooka! Wewe si ndiye uliyekuwa unamshonea?"

Daktari alimgeukia Fundi Pindo, akasubiri. Akaandika kitu kwenye faili, akasema kwa upole kwamba ndugu wa mgonjwa wakitaka kupimwa, kipimo cha kwanza ni cha damu tu, hakina shida.

Sasa ni lazima niseme habari za suruali hizo, maana bila hizo hamtaelewa kosa la familia hii.

Baba yao alianza kupinda miguu akiwa na miaka hamsini na kitu. Alikuwa mtu wa majivuno, msimamizi wa wafanyakazi arobaini, na kutembea kwa matege mbele yao lilikuwa jambo asiloliweza. Hakusema. Alimletea tu mwanawe kitambaa, akamwambia, "Nishonee suruali inipendeze." Kijana akampima, akaona, akanyamaza. Akakata suruali kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu. Mshono wa nje aliulegeza kidogo kutoka gotini kwenda chini, ule wa ndani akaubana. Alichagua kitambaa kizito kisichoshika mwili. Akaitia pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, akivuta taratibu upande mmoja, mpaka nguo ikakubali umbo ambalo si la mguu uliomo ndani. Pindo la nyuma akalishusha kuliko la mbele. Baba yao akaivaa, akasimama mbele ya kioo, na mstari wa pasi ukateremka wima mpaka kwenye kiatu.

Kwa miaka kumi na minane alimshonea hivyo, kila mwaka akilegeza zaidi kidogo. Mzee akafa anasifiwa mtaani kwa kusimama sawasawa. Fundi Pindo aliihesabu kazi ile kuwa bora kuliko zote alizowahi kuzifanya, na kusema kweli ilikuwa kazi ya kumvulia mtu kofia. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa nzuri mno. Mtu angeona mguu umepinda angeuliza, na aliyeulizwa angekwenda hospitali. Hakuuliza mtu, kwa sababu hapakuwa na cha kuuliza. Kaka yake alipoanza kupinda, naye akamletea kitambaa.

Waliporudi dukani mchana ule Sindano aligeuza kibao cha mlangoni kionyeshe wamefunga. Duka lao ni chumba kimoja kirefu: mbele cherehani mbili, katikati meza kubwa ya kukatia, nyuma meza ya pasi. Kazi wamegawana tangu macho ya Fundi Pindo yalipoanza kuchoka. Baba anakata na kuunganisha. Binti anamalizia: mapindo, vifungo, pasi. Hakuna nguo inayotoka humo bila kupita kwenye meza ya Sindano, hata za baba mwenyewe.

"Nataka tupimwe," alisema Sindano.

"Tupimwe nini? Umemsikia daktari. Nje ya damu."

"Nimemsikia. Alisema na ndani."

"Mimi ni mzima." Fundi Pindo alijipiga paja. "Mguu huu wa kushoto unauma kwa baridi tu, sakafu hii ya saruji. Unataka ushahidi? Mimi suruali zangu nakata kwa karatasi moja tangu nina miaka arobaini. Sijawahi kubadilisha hata nusu inchi. Mguu ungepinda, suruali ingeniambia."

Mtu wa kazi nyingine asingesema maneno hayo. Lakini yeye aliiamini nguo kuliko kioo, na hajawahi kujipima mwenyewe, kama mafundi wengi wasivyojipima. Alikwenda nyuma ya pazia, kwenye kamba anapotundika nguo zake za kazi, akarudi na suruali nne. Akazilaza mezani moja juu ya nyingine, akaitandaza karatasi yake ya kukatia juu yake ili binti aone zinavyolingana.

Mguu wa kulia ulilingana. Wa kushoto ukatokeza nje ya karatasi.

Alidhani ameweka vibaya. Akaisogeza karatasi, akaibana kwa chuma, akapitisha kiganja. Kuanzia gotini mshono wa nje ulitoka nje ya mstari kwa upana wa kidole kidogo. Akageuza suruali ndani nje. Uzi ulikuwa wa rangi ile ile, lakini mishono haikuwa yake. Yake huwa mirefu, hii ilikuwa midogo na iliyokazwa, kama mtu aliyeshona amekunja uso. Akaikagua ya pili. Ya tatu. Katika ile ya nne, ya zamani kuliko zote, kulegezwa kulikuwa kudogo sana, unene wa chaki. Mapindo ya nyuma yote yalikuwa yameshushwa.

Kazi ile hakumfundisha mtu. Ila kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, zamani hizo, ambaye kila jioni baada ya shule alikuwa akimlowekea kitambaa cha pasi na kusimama kando akitazama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa nne huu."

"Miaka minne unafumua nguo zangu?"

"Kila unaposhona mpya. Nafumua, nalegeza, narudishia." Sindano alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono ameikumbatia. "Nilidhani unajua, Baba. Nilidhani unaniachia mimi niifanye ili tusizungumze. Kama wewe na Babu."

"Mimi sikujua!"

"Leo ndiyo nimeona kwamba hukujua. Ulipomwambia daktari unasimama kutwa nzima. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Miaka minne! Mtu mzima na akili zako, unaona baba yako anapinda, unanyamaza?"

Sindano alimtazama, na jina lake likafanya kazi yake. "Wewe ulimwambia Babu?"

Fundi Pindo alitafuta kiti, akakaa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto mpaka masikioni, na chini yake kulikuwa na hofu kubwa zaidi. Hesabu yake fupi na tamu ilikuwa imegeuka. Kama anao, na risasi hakuigusa, basi aliupata kwa baba. Na kama aliupata kwa baba, kuna mtu aliyesimama mbele yake ambaye yeye ndiye baba yake.

"Tusipimwe," alisema. "Mimi nitakunywa dawa, sawa. Nitapigwa hiyo dripu. Lakini wewe acha. Wewe ni mzima."

"Unajuaje?"

"Nakuona."

"Unaniona nini? Mimi navaa magauni marefu, Baba. Umewahi kujiuliza kwa nini?" Sauti yake ilianza kupanda. "Kila nikikaa hapa na suruali yako mapajani nilikuwa najipima na mimi. Kila mwezi, hapo nyuma ya pazia, kwa futi yako. Goti mpaka kifundo, mzunguko wa ugoko, kulia na kushoto. Mara naona kumeongezeka, mara naona ni wasiwasi wangu. Miaka minne, peke yangu! Unajua nimechoka kiasi gani?"

Hakulia. Ni afadhali angelia, baba yake angejua la kufanya. Aliokota suruali moja, akaikunja, akaiweka, akaikunja tena. Fundi Pindo aliiangalia mikono ile iliyomfanyia siri kwa mapenzi, vile vile yeye alivyomfanyia baba yake, na akaona kwa mara ya kwanza kwamba siri hiyo ilikuwa mzigo, na mtoto alikuwa ameubeba.

"Twende," alisema. "Kesho asubuhi."

Majibu hayakuja siku moja. Ya damu na picha yalikuja baada ya siku tano: Fundi Pindo anao, ugoko wa kushoto tu, haujafika pabaya. Akapigwa dripu kwenye chumba chenye vitanda sita, akapata homa siku mbili, na maumivu aliyoyaita baridi ya sakafu yakaanza kupungua baada ya wiki kadhaa. Saruji ikasamehewa. Sindano damu yake ilikuwa safi na mifupa yake imenyooka. Ule wasiwasi wa nyuma ya pazia ulikuwa wasiwasi. Kilichobaki ni kipimo cha vinasaba. Kaka na mdogo walikutwa na hitilafu ile ile. Kaka alilalamika kwamba maisha yake yote mdogo wake anamwigiza. Cha Sindano kilichukua miezi miwili.

Katika miezi hiyo Fundi Pindo alisoma kila alichopata na kuuliza kila aliyemwona. Alijua sasa kwamba yeye na kaka yake waliugua surua mwaka mmoja, kitanda kimoja. Alijua kwamba walizaliwa na hitilafu ile ile, lakini ugonjwa ulimkamata kaka mapema na kwa nguvu, yeye ukamjia baadaye na kwa upole, na kati yao tofauti kubwa ilikuwa kiwanda. Labda ni moshi. Labda ni surua. Labda si kimoja wala kingine. Kitambaa kile kile ukikikata vipande viwili, kimoja ukakianika juani miaka thelathini na kingine ukakifungia kabatini, baadaye mtu atabisha ukimwambia vilitoka kwenye mzigo mmoja. Aliyajua yote hayo, akayapanga vizuri kichwani tayari kwa siku ya majibu.

Daktari aliwaita pamoja. Hakuzunguka. "Hitilafu ipo," alimwambia Sindano. "Kwa sasa huumwi. Tutakuangalia kila mwaka kwa kipimo cha damu, na kikionyesha chochote tutawahi. Baba yako mkubwa hakupata nafasi hiyo." Akawaachia chumba dakika chache, mlango akaufunga polepole.

Sindano aliikunja karatasi ya majibu mara mbili.

Fundi Pindo alianza mara moja. "Sasa sikiliza, mama. Hili si jambo baya kama linavyoonekana. Nyinyi mmechanjwa surua, sisi hatukuchanjwa. Kiwanda kilishafungwa. Daktari mwenyewe alisema kila kizazi unapungua, na huenda hata usi..."

"Baba."

"...hata usiuone kabisa, kwa sababu mazingira yale..."

"Baba, usininyooshee."

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalikuwa ya kweli, karibu yote, na aliyasikia sasa jinsi alivyoyakata: huku amelegeza, huku amebana, mstari uteremke wima.

"Sema lilivyo," alisema binti yake. "Mara moja tu."

Fundi Pindo alivua miwani, akaishika, hakuifuta.

"Umeupata kwangu," alisema. "Mimi niliupata kwa Babu yako. Niliuona mguuni kwake, nikauficha, na wewe ukajifunza kuficha kwangu. Naogopa, mwanangu. Naogopa kwa ajili yako kuliko nilivyoogopa kwa ajili yangu."

Hapo ndipo Sindano alipolia, kwa sauti, bila kujizuia, kichwa begani kwa baba yake. Naye alimshika, akamwacha alie, hakumwambia anyamaze.